Maji ya nyuzi 350 yasiyochemka: sehemu moja ya tamthilia ya baharini ikitazamwa kutoka Mbeya

Tamthilia ya Marekani iitwayo seaQuest DSV ina sehemu moja ambayo, kila ninapoizungumzia na watu hapa Mbeya, hukataliwa pale inaposema kweli na hukubaliwa pale inapotia chumvi. Kinachokataliwa ni maji. Chini kabisa baharini, gizani, maji yanafoka kutoka mwambani yakiwa na joto la kuyeyusha madini ya risasi. Ni meusi tititi, hayachemki, na hatua chache kutoka hapo wapo wanyama wanaoishi salama. "Hiyo ni filamu tu," watu husema. Kinachokubaliwa bila swali ni Darwin, pomboo anayeishi ndani ya nyambizi, anayezungumza na wanadamu kupitia mashine ya kutafsiri, na anayefuatana nao huko kwenye vilindi. Pomboo anapendeza, basi hakuna anayeuliza amefikaje.

Maji yale ni ya kweli. Na mtu wa Nyanda za Juu Kusini ana njia fupi ya kuyaelewa kuliko watu wengi, maana anapikia kwenye mwinuko, anaishi juu ya Bonde la Ufa, na ana ziwa refu la kina kirefu mlangoni kwake. Mambo hayo matatu yanatosha kuifungua sehemu nzima.

Sehemu ninayoizungumzia inaitwa "The Devil's Window", yaani Dirisha la Shetani. Ni ya pili katika msimu wa kwanza, ikifuata ile ndefu ya ufunguzi iliyorushwa na kituo cha NBC tarehe 12 Septemba 1993. Tamthilia ilibuniwa na Rockne S. O'Bannon, Steven Spielberg akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu, na Roy Scheider alicheza kama Kapteni Nathan Bridger. Hadithi iliwekwa mwaka 2018, ambao wakati ule ulionekana uko mbali sana, na dunia yake ni ya watu waliohamia baharini: wana makazi, migodi na mashamba chini ya maji. Katika "The Devil's Window" nyambizi inachunguza chemchemi za maji moto zilizo kwenye sakafu ya bahari, zile ambazo wanasayansi huziita mabomba meusi ya moshi. Katikati ya kazi Darwin anaugua, na kapteni anajikuta kati ya utafiti na rafiki yake.

Msimu ule wa kwanza ulikuwa na jambo ambalo tamthilia nyingi za kubuni hazina. Mshauri wake wa sayansi alikuwa Robert Ballard, mtaalamu wa bahari aliyeongoza msafara ulioipata meli ya Titanic mwaka 1985, na mwishoni mwa vipindi alitokea mwenyewe kuwaeleza watazamaji ni kipi walichokiona kina msingi wa kweli. Kwangu hiyo ndiyo sababu msimu wa kwanza unazidi kwa mbali ile iliyofuata, ambayo ilikimbilia mazimwi na wageni wa sayari nyingine. Ballard hakuhitaji kusimuliwa habari za chemchemi zile. Alikuwapo zilipopatikana.

Sasa maji.

Mpwa wangu anayesoma kidato cha tatu Iringa aliniuliza swali ambalo naamini ndilo linalowakwamisha wengi: "Mjomba, si tumefundishwa maji yanachemka nyuzi mia? Yakifika mia mbili yanakuwa mvuke. Hayo ya mia tatu na hamsini yanabakije maji?" Nilimjibu kwa kumuuliza maharage yanachukua muda gani kuiva kwao, na yanachukua muda gani kwa shangazi yake aliye Dar es Salaam. Alijua jibu kabla sijamaliza. Kila aliyehamia huku akitoka pwani analijua: maharage ya Mbeya yanakula mkaa.

Sababu ni kwamba nyuzi 100 ni kiwango cha usawa wa bahari tu. Maji huchemka pale chembe zake zinapopata nguvu ya kutosha kuusukuma mgandamizo ulio juu yake na kutoka kama mvuke. Mgandamizo ndio ule ambao mwalimu wa fizikia huuita kanieneo. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, ambako hewa iliyo juu yetu ni kidogo na mgandamizo wake ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Maji hayapati upinzani mkubwa, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukipanda Kitulo, juu ya mita 2,600, yanachemka kwenye nyuzi 91 au karibu na hapo. Sufuria inatokota kwa fujo, mapovu yamejaa, lakini maji yenyewe hayana moto wa kutosha, na ukiongeza kuni unaongeza mvuke tu.

Geuza sasa njia, uende upande wa pili. Sufuria ya presha huziba mvuke, mgandamizo ndani yake unakuwa karibu mara mbili ya ule wa pwani, na maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi. Baharini, kila mita kumi unazoshuka zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya pwani. Maana yake sufuria ya presha ni mita kumi za bahari zilizoletwa jikoni. Kwenye kina cha mita 2,500 unapata mgandamizo wa mara 250, sawa na uzito wa zaidi ya kilo 250 juu ya kila sentimita ya mraba. Chini ya mzigo huo maji ya bahari hayawezi kuchemka mpaka yavuke nyuzi 380. Yakitoka mwambani yana nyuzi 350, yanatoka yakiwa maji, yanatiririka kama maji, na hakuna povu hata moja. Tamthilia haikubuni chochote hapo.

Moto wake unatoka wapi? Sakafu ya bahari imepasuliwa na safu ya milima inayozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 65,000 hivi, na kwenye safu hiyo mabamba ya ganda la dunia yanaachana polepole, sentimita chache kwa mwaka. Mwamba ulioyeyuka unapanda kuziba mwanya. Maji ya bahari yenye nyuzi 2 yanazama kwenye nyufa, yanakaribia mwamba huo, yanapata moto, na kwa kuwa maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, yanapanda tena kwa kasi. Njiani yameyeyusha madini ya mwambani: chuma, shaba, zinki, pamoja na salfa. Yanapotoka na kukutana ghafla na maji ya baridi, madini hayo hushindwa kubaki yameyeyuka, yanaganda hapo hapo na kuwa vumbi jeusi laini. Mtazamaji anaona moshi, lakini hakuna kinachoungua. Ni unga wa madini unaoelea. Sehemu ya unga huo hunata kwenye mdomo wa chemchemi na kujenga bomba la mawe ambalo huendelea kupanda.

Hapa ndipo ninapowaambia watu wafikirie Songwe. Magharibi mwa jiji, upande wa barabara ya Tunduma, kuna chemchemi zinazotoa maji ya nyuzi kama 80. Mwendo ni ule ule: maji yanashuka kwenye nyufa, yanapata joto chini, yanayeyusha madini, yanapanda, yanayamwaga madini yale yanapofika juu. Tofauti ni kwamba haya ni maji ya mvua iliyonyesha milimani, si ya bahari, na madini yanayoachwa ni chokaa badala ya shaba na chuma. Kwa muda mrefu chokaa hiyo imejenga mwamba mnene. Mapango ya popo yanayotembelewa na wageni yamo ndani ya mwamba uliojengwa kwa namna hiyo. Wengi waliofika pale walidhani mwamba ulikuwapo kwanza na maji yakautoboa. Ni kinyume chake: mwamba ni masalia ya maji.

Undugu huu una mizizi mirefu. Mbeya na Rungwe ziko mahali ambapo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana: ule wa Rukwa, ule wa Usangu na ule wa Nyasa. Afrika ya Mashariki inajitenga na sehemu nyingine ya bara kwa milimita chache kila mwaka, na mahali ganda la dunia linaponyooshwa na kuwa jembamba, joto linasogea juu. Ndiyo maana tuna mlima Rungwe, tuna ziwa Ngozi lililolala ndani ya kinywa cha volkano, na tuna Kyejo, ambao ulitoa lava karne mbili zilizopita hivi, jana tu kwa hesabu ya miamba. Ndiyo maana pia Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania, TGDC, imeelekeza nguvu Ngozi na Kiejo-Mbaka kutafuta mvuke wa kuzalishia umeme. Ukiufuata mstari wa Bonde la Ufa kwenda kaskazini, kupitia Kenya na Ethiopia, unaishia Bahari ya Shamu, ambako kuachana kumekwenda mbali kiasi kwamba bahari imeshaingia. Na chini ya Bahari ya Shamu, katika miaka ya 1960, watafiti walikuta mabonde yaliyojaa maji moto ya chumvi kali yenye madini. Kwa hiyo sakafu inayoonyeshwa katika "The Devil's Window" ni hatua ya mbele ya safari ambayo ardhi yetu imeianza.

Turudi baharini, kwenye mwaka 1977, maana kisa cha kweli kinaizidi tamthilia.

Wanajiolojia walikuwa wameshakadiria kwamba lazima maji moto yatoke mahali fulani kwenye sakafu ya bahari, kwa sababu joto walilolipima pale lilikuwa dogo kuliko walilotarajia. Mengine yalikuwa yanatorokea wapi? Mwezi Februari walikwenda karibu na visiwa vya Galápagos, wakaburuta kamera juu ya sakafu kwenye kina cha mita 2,500. Kamera ilipiga picha elfu tatu hivi. Picha baada ya picha zilionyesha lava tupu. Kisha kipimajoto kikaruka kwa muda mfupi sana, na walipozisafisha picha za dakika ile walikuta 13 zenye chaza wakubwa weupe, wamejazana mahali ambapo kila kitabu kilisema hakuna chakula. Picha zilizofuata zilirudi kwenye lava tupu.

Siku iliyofuata chombo kidogo cha Alvin, cha taasisi ya Woods Hole, kilishuka na watu watatu. Waliona maji yakitetemeka kama hewa kwenye jua kali, na wanyama kila upande. Kumbuka kwamba huu ulikuwa msafara wa wanajiolojia na wanakemia. Meli haikuwa na mwanabiolojia hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kukuta uhai wa kuhitaji mtu wa aina hiyo. Dawa ya kuhifadhia wanyama ilikuwa kidogo, ikabidi baadhi ya vielelezo vitiwe kwenye vodka ya Kirusi iliyokuwamo melini. Na walipofungua chupa za maji waliyoyateka kule chini, chumba kilijaa harufu ya yai viza. Harufu hiyo ilikuwa ufunguo wa fumbo zima, ingawa ilichukua miaka kuelewa.

Maji ya Galápagos yalikuwa ya uvuguvugu tu. Mabomba meusi yenyewe yalionekana mwaka 1979, mbali na pwani ya Mexico. Ballard alikuwamo kwenye msafara huo pia. Waliingiza kipimajoto kwenye mdomo wa bomba, na fimbo ya plastiki iliyokishika ikayeyuka. Wazia walivyojisikia walipoitazama, kwa kuwa madirisha ya Alvin nayo yalikuwa ya plastiki nene ya kupitisha mwanga, na walikuwa wamekiegesha chombo karibu kabisa na moshi. Walirudi na kipimajoto kilichotengenezwa kwa joto la juu, kikasoma nyuzi 350 na zaidi.

Swali la pili la watazamaji ni la wanyama. Wanaishije kwenye maji ya kuyeyusha risasi? Jibu fupi: hawaishi humo. Maji ya nyuzi 350 yakitoka tu yanachanganyika na ya nyuzi 2, na sentimita chache pembeni yameshapoa. Makundi makubwa ya wanyama yanakaa pale maji yanapovuja polepole kwenye nyufa, kwenye uvuguvugu ambao wewe na mimi tungeuvumilia.

Jibu refu ni la chakula, na hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu maelezo mengi yanayosambaa yanapotosha.

Duniani juu, msingi wa chakula ni jani. Jani linachukua mwanga wa jua, maji na kabonidayoksaidi, linatengeneza sukari. Ng'ombe wa Uyole anakula jani, wewe unakunywa maziwa, wote mnaishi kwa jua. Kule chini hakuna mwanga kabisa. Ila kuna haidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza, inayotoka na maji moto. Kwetu ni sumu. Kwa bakteria fulani ni kuni. Wanaiunganisha na oksijeni, wanapata nishati kutokana na muungano huo, na nishati hiyo wanaitumia kutengeneza sukari kama jani linavyofanya kwa mwanga. Wataalamu huiita kazi hiyo usanisikemia, ikiwa pacha wa usanisinuru wa mimea.

Minyoo mikubwa inayoonekana kwenye picha za chemchemi hizi, ile yenye mirija myeupe na vichwa vyekundu, imefanya mapatano ya ajabu na bakteria hao. Inaweza kufikia urefu wa mita mbili. Haina mdomo. Haina tumbo. Wanabiolojia walishangaa mnyama mkubwa kiasi kile anakula kwa njia gani, mpaka Colleen Cavanaugh, akiwa bado mwanafunzi Harvard, alipopendekeza kwamba mwili wa mnyoo umejaa bakteria wanaomlisha kutoka ndani. Alikuwa sahihi. Kichwa ni chekundu kwa sababu ya himoglobini, jamaa ya ile iliyo kwenye damu yetu, lakini yake ina uwezo wa kubeba oksijeni na salfaidi kwa pamoja bila kumuua mwenyewe. Mnyoo unapeleka mizigo hiyo miwili kwa bakteria, bakteria wanapika, wote wanakula.

Upotoshaji ni huu: husemwa kwamba viumbe hawa hawalitegemei jua kwa lolote. Isome tena sentensi niliyoandika juu ya bakteria. Wanaunganisha salfaidi na oksijeni. Oksijeni imetoka wapi kwenye kilindi chenye giza? Imetoka juu, kwenye mimea ya nchi kavu na vijimea vya baharini vilivyoitengeneza kwa mwanga, kisha maji baridi ya karibu na ncha za dunia yakazama nayo na kuitawanya kwenye sakafu ya bahari zote. Mnyoo wa kilindini hajawahi kuliona jua na bado analipia kodi. Wapo vijidudu vya chemchemi ambavyo kweli havihitaji oksijeni, vinavyotumia haidrojeni na kabonidayoksaidi na kutoa methani, na hivyo ndivyo vinavyoweza kujivunia uhuru kamili. Wanyama wakubwa, hapana.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, toka baharini uje Kyela, usimame Matema utazame Ziwa Nyasa. Sehemu yake ya kina zaidi inafika mita 700 hivi, na kwa kuwa uso wake haufiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, sakafu yake ya chini kabisa iko chini kuliko uso wa Bahari ya Hindi. Mtu aliyeitazama seaQuest angetarajia maajabu huko. Lakini tabaka za maji ya Nyasa hazichanganyiki. Hapa hakuna barafu ya kuyapoza maji ya juu mpaka yazame na hewa yao. Kuanzia mita 200 na kitu kwenda chini, oksijeni imekwisha, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu sana. Samaki wote wanaolipatia ziwa hili umaarufu duniani, mamia ya aina, wanaishi kwenye tabaka la juu. Wale wadudu wadogo wanaopaa ziwani kwa mawingu kama moshi, viluwiluwi vyao hushuka mchana mpaka kwenye mpaka wa maji yasiyo na hewa ili kujificha wasiliwe na samaki, kisha hupanda usiku kula. Chini ya hapo ni ufalme wa bakteria peke yao. Salfaidi ipo. Oksijeni ya kuiunguza haipo. Mnyoo wa Galápagos ungeletwa hapo ungekufa njaa ukiwa umezungukwa na kuni.

Kwa hiyo kina chenyewe hakileti uhai wala hakiuzuii. Bahari ya mita 2,500 ina wanyama pale ambapo ziwa la mita 300 halina, na kinachoamua ni kama maji yanazunguka.

Ziwa Tanganyika lina mfano unaokaribia zaidi tamthilia. Upande wa Kongo, mahali paitwapo Pemba na Rasi ya Banza, watafiti waligundua mwaka 1987 chemchemi za maji moto zinazotoka chini ya ziwa lenyewe, karibu na ufuko, kwenye kina kidogo ambacho wapiga mbizi wanakifikia. Juu ya miamba yake kuna utando mweupe wa bakteria wanaotumia salfaidi. Kwa kuwa hapo oksijeni bado ipo, kazi inafanyika. Ni "Dirisha la Shetani" dogo, la maji baridi ya kunywa, ndani ya Bonde la Ufa letu. Nasikitika kwamba halimo kwenye vitabu vya shule ambavyo nimevipitia, wakati Galápagos imo.

Sasa pomboo. Darwin ni pomboo wa aina ya kawaida, mwenye pua kama chupa, ingawa kwenye tamthilia alichezwa na sanamu ya mashine iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Pomboo wa aina hii kwa kawaida hula karibu na uso wa maji, na hata wale wanaozama sana hawafikii mita 2,500. Mnyama anayeweza ni nyangumi mwenye mdomo wa ndege wa Cuvier, ambaye mmoja alipimwa akishuka mita 2,992, na yeye ana mwili ulioumbwa kwa kazi hiyo: anabeba oksijeni kwenye damu na misuli, na anaacha mapafu yake yabonyee kabisa. Pomboo wa kuongozana na nyambizi kwenye mabomba meusi yaliyo mengi duniani angekosa pumzi njia ikiwa bado ndefu, tena angetakiwa kupanda tena. Watu ndani ya nyambizi wako salama kwa sababu tofauti kabisa. Ukuta unaubeba mgandamizo wote, na ndani wanavuta hewa ya kawaida kama ya ufukweni. Ndiyo maana chumba cha watu cha Alvin ni tufe la titani: umbo la duara linagawa mzigo sawasawa pande zote, halina kona ya kuvunjikia. Nyambizi ndefu yenye kumbi pana na madirisha makubwa, kama ile ya kapteni Bridger, ni ndoto nzuri ya wachoraji.

Na ugonjwa? Mtazamaji akiona mnyama anaugua karibu na chemchemi anaweza kuondoka akiamini kwamba vijidudu vya maji moto ni hatari kwa damu yetu. Havielekei kuwa hivyo. Vijidudu vinavyopenda mabomba meusi vimezoea joto la nyuzi 80, 100, na kimoja kimekuzwa maabara kwenye nyuzi 122. Mwili wa pomboo, wenye nyuzi 37 hivi, kwao ni baridi isiyofanyika kazi. Kilicho hatari kwa mnyama pale ni salfaidi yenyewe na metali zilizoyeyuka. Hata huku kwetu hatari ya chini ya ardhi ni gesi: Rungwe ina mahali ambapo kabonidayoksaidi baridi inavuja kutoka ardhini, nzito kuliko hewa, ikilala kwenye mashimo na kuua ndege na wadudu wanaoingia. Gesi hiyo hiyo huvunwa kiwandani huko Rungwe kwa matumizi ya vinywaji vya soda.

Anayetaka kuona kwa macho yake mpaka kati ya uhai wa mwanga na uhai wa kemikali hahitaji nyambizi. Hakuna kiumbe kinachojulikana kinachoweza kufanya usanisinuru kwenye maji yaliyozidi nyuzi 73 hivi. Katika chemchemi yoyote ya moto yenye nyuzi 80, kama zile za Songwe, mdomoni kabisa hutarajii rangi ya kijani. Fuata mkondo unavyoteremka na kupoa, utazame ni wapi utando wa kijani unaanza. Mwenye kipimajoto cha maabara ya shule, kile kinachofika nyuzi 110, anaweza kupima palepale na kulinganisha na mwenzake. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi awaweke kwenye mwamba imara, mbali na ukingo, kwa maana ukoko wa chokaa pembeni mwa maji unaweza kuwa mwembamba kuliko unavyoonekana, na maji yaliyo chini yake yanaunguza.